Moshi wa Kwanza

Msomaji, najua wiki nzima hukukaa vizuri kwa sababu ya kidole cha Florence.

Ulikiona kama Alal alivyokiona, kupitia upenyo wa mlango wa karakana. Kidole cha mama yake wa kambo kilikuwa kikizunguka taratibu ndani ya kiko cha tumbaku cha baba yake, kikipaka kitu cheusi kinachonata. Pembeni, juu ya meza, kiko cha pili kilikuwa kimekwisha kupakwa, tundu lake likimeta.

Mzee Odyek mwenyewe alikuwa amelala chumbani, akikohoa hata usingizini. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa mtu wa kubeba gogo begani na kuimba. Sasa mkanda wake wa zamani, wa siku alipokuwa askari magereza hapa Luzira, ulikuwa umetobolewa tundu jipya, kisha jingine. Madaktari walipima damu, wakapima mkojo, wakasema hawaoni kitu.

Tulimwacha Alal ameshika kitasa. Sasa ameusukuma mlango.

"Mama mdogo," alisema, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyoipanga. "Hicho ni nini?"

Florence hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Alal zaidi. Aligeuka, akamtazama binti huyo aliyemlea tangu hajajua kufunga viatu. Kisha akakitia kidole kinywani, akakiramba mpaka kikawa safi.

"Asali na unga wa mkaa," alisema. "Utaonja, au nikuitie polisi kwanza?"

Alal alitazama chini.

Florence akaeleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kupepeta mchele. Kiko kipya hupakwa ndani ili moto usile mti. Odyek ndiye aliyemtuma. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku hizi, wala hakutaka mtu ajue, ndiyo maana kazi ilifanywa mlango ukiwa umefungwa.

Halafu akasogea karibu.

"Na liko jingine. Baba yako hasikii harufu tena. Tangu alipougua homa. Juzi maharage yameungua jikoni mpaka jirani amekuja kugonga, yeye amekaa mezani anangoja chakula. Mchonga viko asiye na pua, nani atanunua kwake? Ukisema nimekuambia, mimi na wewe hatutaelewana."

Alal alipiga magoti kuomba radhi, kama alivyolelewa. Florence akacheka, akamgusa shavu, akarudia mzaha wake wa siku zote kwamba mzee akichoka na viko vyake, karakana hii atafugia kuku. Akatoka, mkebe wa asali kwapani.

Mtu mwingine angeridhika. Alal alibaki amesimama katikati ya vumbi la mbao, akijiuliza swali moja. Kama si asali, ni nini kinachomla baba yake?

Chini ya jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, kulikuwa na vipande vilivyokatwa. Vilitoka kwenye zile mbao alizoleta Tamim.

Tamim ni yule kijana mchumba wake, mpwa wa Hajji Sulaimani mwenye yadi ya mbao chini ya kilima cha Kibuli. Alikuja na mbao hizo zimefungwa kwenye gunia, akasema ni mzeituni mwitu kutoka milima ya Moroto. Mzee Odyek alizipokea kama mtu anayepokea mjukuu. Zilikuwa nzito, za zamani, kavu mpaka kwenye kiini, aina ambayo mchonga viko huitafuta maisha yake yote. Kwa mbao ya kwanza alijichongea kiko chake mwenyewe, na tangu siku hiyo hakikutoka mdomoni. Kwa iliyo bora kuliko zote alichonga kiko cha zawadi, chenye mdomo wa pembe ya ng'ombe wa Ankole, ampe Hajji Sulaimani siku ya Jumamosi, watu wa Tamim watakapokuja kujitambulisha.

Alal aliokota kipande kimoja, akakinusa. Vumbi tu. Akakisugua, akanusa tena. Vumbi.

Akawasha kiberiti.

Ukingo wa kipande uligeuka mweusi, ukatoa moshi mwembamba. Harufu ilipompata, Alal aliijua kabla hajaikumbuka. Alikuwa mtoto, akitembea juu ya reli ya kwenda Port Bell wakati wa jua kali, na chini ya miguu yake mbao kuukuu zilikuwa zinatoka jasho jeusi. Jasho hilo lilinata kwenye ndala zake. Marehemu mama yake alilisugua kwa mafuta ya taa, akimgombeza: hiyo ni dawa ya mchwa, ni sumu, usitie mikono mdomoni.

Mataruma. Yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, yaliyoloweshwa dawa ili mdudu asiyaguse.

Baba yake alikuwa anaweka taruma la reli mdomoni kila siku, na kuliwasha moto.

Alikimbia na kile kipande chumbani. Mzee Odyek alikuwa ameamka, ameketi ukingoni mwa kitanda. Alal alimweleza yote kwa pumzi moja: mbao si mzeituni, mbao zina dawa, kiko ndicho kinachomuua. Akawasha kile kipande upya mbele yake.

Mzee alikichukua. Akakisogeza chini ya pua yake mpaka moshi ukamwingia machoni, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliye kanisani.

"Mzeituni," alisema. "Mzeituni safi. Mti huu unanukia kama mlima."

Alal alimtazama. Machozi ya moshi yalikuwa yanamtiririka mzee mpaka kwenye ndevu, naye alikuwa anatabasamu, akiisifu harufu asiyoisikia.

Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha: Baba, najua pua yako imekufa. Lakini angemsaliti Florence, na angemvua baba yake nguo mchana. Kuna watu wanaoweza kulisema neno la namna hiyo. Alal si mmoja wao.

"Ndiyo, Baba," alisema.

*

Kesho yake alipanda boda mpaka Kabalagala. Tamim ana kibanda cha kutengeneza simu pale, kati ya baa mbili ambazo mchana huwa zinapigwa deki na kupeperusha harufu ya jana.

Alipomwona alifurahi. Akamtania kama kawaida. "Nnyabo, bibi wangu, ni simu imeharibika au ni moyo?"

Alal hakucheka. Aliuliza mbao zilitoka wapi.

Moroto, alisema Tamim. Alikwenda yeye mwenyewe na lori, akalala njiani, akazichagua kwa mkono wake. Ilikuwa siku gani? Siku ile mvua kubwa ilipofunika barabara, alisema, asingeweza kuisahau.

"Siku hiyo tulikuwa kwa shangazi yako Kaltumi," Alal alisema polepole. "Ulikuwa unakata vitunguu. Ulilia, tukakucheka."

Tamim aliweka bisibisi chini. Baa ya jirani ilijaribu spika zake, ikanyamaza.

"Niliapa, Alal."

"Kwa nani?"

"Nikikutajia, kiapo kitakuwa wapi?" Hakumtazama usoni. "Ngoja Jumamosi ipite. Nakuomba. Usimwambie mzee kitu, Jumamosi ipite kwanza."

Alal aliondoka bila kuaga. Msomaji, fikiri pamoja naye akiwa nyuma ya boda ile, koti la dereva likimpiga usoni.

Katika ukoo wa Mzee Odyek, anayekuletea pombe hunywa kwanza, ujue hakukuwekea kitu. Na kwa viko ni hivyohivyo. Aliyekichonga hukiwasha na kuvuta moshi wa kwanza mbele ya macho yako, ndipo anapokukabidhi. Mzee hajawahi kutoa kiko bila kufanya hivyo, hata kwa mzungu.

Kiko cha Hajji Sulaimani kilikuwa hakijawahi kuona moto. Dawa yote ilikuwa bado imelala ndani ya mti. Siku ya Jumamosi Mzee Odyek angekijaza, angekiwasha, na kwa heshima ya wakwe angevuta kifua kizima. Kifua kile ambacho daktari wa mwisho alisema hakiwezi kubeba tena hata vumbi la jikoni.

Na mtu anayemwambia binti wa nyumba hii "ngoja Jumamosi ipite" anataka nini kipite nayo?

Alikumbuka Hajji Sulaimani alivyosimulia, sebuleni kwao Kibuli, ujana wake kabla hajafungua yadi ya mbao. Wakati ule Alal alikuwa anasikiliza kwa adabu tu. Sasa maneno yalimrudia moja moja. Hajji alikuwa mfanyakazi wa reli.

Dereva alimwambia ashike vizuri.

*

Alifanya anachoweza kufanya mtu mwenye haya. Alikificha kile kiko cha zawadi ndani ya gunia la mchele.

Jumamosi asubuhi Florence alipokuwa anapima mchele wa pilau, kiko kikamtokea mkononi. Alikipangusa kwa khanga, akacheka sana, akampelekea mumewe akisema bibi harusi amechanganyikiwa kwa mapenzi, leo atapika patasi na kuchonga nyama.

Mzee naye akacheka, akaishia kwenye kikohozi kilichomshika mpaka akaegemea ukuta.

Wageni walifika mchana, jua kali. Hajji Sulaimani alitangulia, mtu mpana ndani ya kanzu nyeupe, akimwita Odyek "Afande" kama siku zote, wakakumbatiana kwa kugonganisha mabega. Shangazi Kaltumi alifuata akikagua pazia na vikombe kwa macho. Tamim alikuja wa mwisho, shati limepigwa pasi mpaka shingoni, na hakumtazama Alal hata mara moja.

Walikula. Wazee waliongea mambo ya kambi za zamani, nani alikufa, nani alipandishwa cheo bila kustahili. Kaltumi akauliza kama bibi harusi ana ulimi au aliuacha chuoni, kwa maana tangu wameingia hajasikia neno. Florence akajibu kwamba ulimi upo, umehifadhiwa kwa ajili ya mume. Vicheko vikajaa sebule.

Kisha Mzee Odyek akajifuta mikono, akaagiza kiko kiletwe.

Ni kazi ya binti. Alal alikileta kwenye sinia, kimelala juu ya kitambaa, mti wake umeng'aa kwa nta hadi ukaonekana kama kitu kilicho hai. Akapiga magoti. Baba yake akakichukua, akakijaza tumbaku kwa kidole gumba, bila haraka, mikono ikitetemeka kidogo. Hajji Sulaimani aliinama mbele, uso umejaa furaha, na furaha ile Alal hakuiamini.

Mzee alikiweka kiko mdomoni. Akanyoosha mkono apewe kiberiti.

Kiberiti kilikuwa kwa Alal. Hakukitoa.

"Baba," alisema. "Kwa ruhusa yako."

Hata yeye hakuijua sauti ile. Kaltumi aligeuza shingo.

"Leo ni siku yao wao. Moshi wa kwanza usivutwe na aliyechonga. Uvutwe na aliyeleta mti."

Kaltumi akapiga paja kwa kicheko. Alisema binti hajaolewa bado, tayari anagawa kazi. Na kwamba mpwa wake huyu moshi wa kuni tu unamliza, atauweza wa tumbaku? Hajji Sulaimani akacheka pia, akasema ni haki, ni haki kabisa, kijana avute.

Mzee Odyek alifikiri. Alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu anayetazama fundo kwenye ubao. Akakitoa kiko mdomoni, akampa Tamim.

Alal alikuwa amepanga mpaka hapa tu. Alijua Tamim atakataa. Mwenye hatia angekataa, angetafuta udhuru, angesema dini au kifua, na kila mtu angeona.

Tamim alikipokea kwa mikono miwili. Sasa ndipo alipomtazama Alal. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba msamaha kwa jambo dogo, kwa uongo wa safari ya lori. Hayakuwa na zaidi ya hapo.

Hakujua. Msomaji, kijana yule hakujua kilichomo ndani ya mti.

Alal aliliona hilo wakati kiberiti kimekwisha kumtoka mkononi, Kaltumi akiwa amekinyakua na kukiwasha kwa mbwembwe. Tumbaku ikashika. Tamim akavuta, shavu likabonyea, akataka kuwaonyesha wakubwa kwamba ni mwanaume, akavuta tena kwa nguvu. Moshi ukapanda kati yake na mjomba wake.

Alal alinyanyua mkono. Hakuwahi.

Hajji Sulaimani, yule mtu mpana, aliruka kama kijana. Kiganja chake kilikipiga kiko kikamtoka Tamim mdomoni, kikagonga ukuta, kikapasuka vipande viwili.

"Tema," alisema. "Tema mate, mtoto. Tema yote. Hii iko na dawa ya mataruma."

Tamim alikuwa ameinama, akikohoa, Kaltumi akimpiga mgongoni huku akilitaja jina la Mungu. Alal alimletea maji. Midomo ya kijana ilikuwa imeanza kuwa myekundu, lakini alikuwa anapumua, na alishika kikombe na vidole vya Alal pamoja.

Mzee Odyek hakuinuka.

"Umejuaje, Sulaimani?"

"Ujana wangu wote nimebeba mataruma, Afande. Ile harufu ilikuwa inaingia mpaka ndani ya wali. Nitaisahau?"

"Basi mbao zimetoka yadi yako?"

"Zimetoka kwangu." Hajji alitazama vile vipande viwili sakafuni, jasho likimtoka. "Walipobadilisha reli waliyatupa ya zamani, nikayanunua, nikayapasua. Sikuficha kwa mtu. Kila anayenunua namwambia, hizi za kujengea tu, usipikie, zisikaribie chakula. Na aliyenunua hizi nilimwambia mara mbili. Akanijibu hakuna shida, Hajji, ni za banda la kuku."

Alal alisikia neno hilo likipita sebuleni, likipita juu ya masahani, likimtafuta mwenyewe.

Alimgeukia Tamim. Tamim alikuwa amekaza macho kwenye kikombe, kama mtu ambaye kiapo chake kimemkaba koo kuliko moshi.

Mzee Odyek hakuuliza ni nani aliyetaka kujenga banda. Aliinama kwa shida, akaokota nusu ya kiko, akamwaga tumbaku. Akapitisha kidole ndani ya tundu, pale moto ulipokuwa haujafika. Akakitia kidole ulimini.

Pua yake ilikuwa imekufa, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Tamu," alisema.

Akaonja tena, ahakikishe.

"Tangu nimeanza kazi hii sijawahi kupaka asali kiko changu. Sijawahi kumtuma mtu apake. Mti mzuri haufichwi ladha yake." Aliinua macho. "Nani ametia asali humu?"

Nje, jirani alikuwa anawafukuza kuku wake kwenye unga ulioanikwa.

Florence alikuwa ameketi palepale kwenye mkeka, uso mtulivu, mikono juu ya mapaja. Kidole kimoja tu alikuwa amekikunja ndani ya kiganja.